Boti ikipungua nguvu mferejini, usiongeze moto

Jamani wateja wetu, wiki hizi za Oktoba simu za mchana zinafanana, "injini inanguruma lakini boti haiendi", na mara nyingi ni siku ambayo jua linawaka vizuri kabisa na watu walitoka asubuhi wana furaha. Injini haina kosa. Ni majani.

Vuli ya hapa Birmingham, Uingereza, sio vuli ya kwetu ya mvua, huku ndo miti inapukutisha kila kitu, na njia yetu ya mfereji toka Gas Street Basin katikati ya mji mpaka King's Norton ina miti kila upande, hasa ukishapita Edgbaston. Majani yakianguka yanaelea siku mbili tatu, yanalowa, yanazama nusu, na mfereji wenyewe hauna kina, kwahiyo propela inayavuta yanajisokota pale mpaka inazunguka na donge zima badala ya kusukuma maji. Utalisikia mkononi kwanza, kana inatetemeka (wale wa Pwani mnaijua kana, ile fimbo ya usukani), halafu mwendo unakufa, na wengi hapo wanaongeza moto. Usiongeze, unalikaza tu. Rudisha gia katikati, acha injini itulie, kisha weka rivasi uipe moto sekunde chache, utaona majani meusi yanafumuka juu ya maji. Katikati tena, kisha mbele. Utarudia hivyo mara kadhaa kwa safari moja na ni kawaida, mimi Jumapili nilifanya mara nne kabla hata sijauona mnara wa saa wa chuo kikuu.

Rivasi ikishindwa ujue ni kamba, mfuko wa plastiki au nguo. Egesha boti kando, ifunge, zima injini, chomoa ufunguo, tupigie tunakuja. Tafadhali sana kile kifuniko cha chuma cha nyuma msikifungue wenyewe, kipo juu ya propela na kisiporudishwa kikakazwa sawasawa, ukiwasha injini maji yanamwagika ndani, na boti huzama hivyo kweli.

Jambo lingine ni jua lenyewe. Msimu huu liko chini, na kwenda King's Norton unaelekea kusini kwahiyo linampiga nahodha machoni moja kwa moja na tena linamulika kutoka kwenye maji, ukichungulia daraja huoni kama kuna boti inakuja. Vaeni kofia, mmoja akae mbele aangalie, pitieni kulia, na mwendo usizidi maili 4 kwa saa. Penye boti zilizofungwa punguzeni zaidi, kuna watu wanaishi humo na chai yao iko mezani.

Wiki iliyopita tulikuwa na mzee mmoja wa Lamu, amekaa na jahazi ujana wake wote, tukampa kana pale Bournville na hakusema neno mpaka njia panda ya mfereji wa Stratford ambapo tunageuza. Mjukuu akamletea chai ya tangawizi, akainywa kwa mkono mmoja, jani la njano limetua begani hata hajalitoa.

Saa zikisharudishwa nyuma kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Oktoba jua litazama kabla ya saa 11 jioni, kwahiyo tutaondoka saa 4 asubuhi na boti zirudi saa 10. Njooni na makoti.