Pesa za nyavu zingoje kaskazi

Nairobi, Julai

Ndugu yangu Salimu,

Assalamu alaikum. Huku tu wazima, ila baridi ya mwezi huu haina adabu. Nalala na soksi kama mgonjwa.

Juma kafika juzi kwa treni na lile furushi la samaki wa ng'onda. Behewa zima lilimjua. Ahsante sana, nusu tumeshamaliza. Jirani wa juu aligonga mlango kuuliza kama kuna kitu kimefia kwetu, nikampa kipande aonje. Jana karudi na sahani.

Lakini silo lililonikalisha niandike. Juma kanambia umetoka nje ya mwamba msimu huu wa upepo wa kusi, tena peke yako. Kwamba tanga lilichanika, kamba za tengo la ngalawa zikalegea, ukafua maji kwa kopo tangu alasiri hadi giza likaingia. Alikuwa akisimulia huku anacheka, mtoto yule! Mimi nilinyamaza.

Maana mwezi wa tano ni mimi niliyekutumia ule ujumbe wa kukudai: "Pesa za nyavu vipi?" Salamu hata sikuweka. Siku hiyo mwenye nyumba alikuwa amenipigia alfajiri, na… basi, tuyaache. Tangu Juma aseme hayo usingizi umenipaa, najiuliza: ulikuwa unakimbiza deni langu kule nje?

Najua kusi samaki huadimika na mwenye nguru mmoja ni mfalme pale bandarini. Na najua mimi sasa ni mvuvi wa Gikomba, navua ngege wa ziwani kwa noti. Lakini aliyekufunza wewe ndiye aliyenifunza mimi. Marehemu baba yako, kusi ikishashika, alitutegesha mitego ya malema ndani ya mwamba tu, tupate tafi na changu wa mboga, tushukuru. Siku za bamvua, maji makubwa, hata kasia hakuturuhusu kugusa. Wakumbuka alivyotuonyesha pale kwenye mlango wa mwamba? Maji yakipwa yanatoka mbio kama mto, upepo unayasukuma yarudi, na mawimbi yanasimama wima. Sasa wewe peke yako ushike usukani, ushike kamba ya demani ya tanga, ufue na maji. Una mikono mingapi, Salimu?

Zile pesa zingoje msimu wa kaskazi. Isipotosha hii ijayo, kuna nyingine nyuma yake. Sitauliza tena, na nikiuliza unitukane.

Kesho nakutumia elfu mbili kwa M-Pesa. Si mkopo, usiandike popote. Ni za pamba na mafuta ya sifa, uukalafati, uuzibe ule ufa wa omoni, kule mbele, kabla haujawa mdomo. Na lile jaketi la kuokolea la rangi ya machungwa unalolikalia kama mto, livae! Utachekwa, wacheke.

Mwambie Bi Riziki kanga zake nimeziona Eastleigh, lakini bei… nitamweleza mwenyewe.

Tanga limeshashonwa, au bado unalitazama? Nani alikukuta, Mzee Kombo au wale vijana wa boti za mashine? Mama anajua, au niendelee kunyamaza nikimpigia? Mbona hukunambia mwenyewe, hadi nisikie kwa Juma?

Na nisamehe kwa hili, lakini limenikaa rohoni tangu juzi: kule nje, ulipata nini?

Wako,
Hamisi