Malalamiko: jibini yangu iliyochomwa kalamu kaunta kwenu

Kwa Meneja wa Ununuzi,

Salaam. Natumaini hujambo, mimi tangu Jumanne silali.

Utaratibu wa kukagua mzigo mnaujua, mliuandika wenyewe. Hausemi popote kwamba jibini inapimwa kwa kalamu.

Nilifika kaunta yenu saa tatu asubuhi na kilo 18, vipande 90, vyote vimepakwa jivu la mkaa kama mnunuzi wenu alivyoniagiza kwa simu. Kijana wenu akafungua kasha, akatoa kalamu mfukoni, akaididimiza katikati ya kipande, akainusa. Akawageukia wateja: "Mama ametuletea jibini ya beberu, tena ina masizi!" Watu wakaangua kicheko. Juu ya kichwa chake pana bango lenu la mbuzi, limeandikwa "Tunamuinua mfugaji mdogo".

Beberu wangu hata halali kwangu. Yuko kwa shemeji, ng'ambo ya mto, kwa sababu maziwa hushika harufu yake haraka. Maziwa nayapasha moto mpaka nyuzi 63 na kuyashikilia hapo nusu saa nzima, kipimajoto mkononi. Na hayo "masizi" hupunguza ukali wa uchachu juu ya jibini na kuikausha ngozi. Anayenunua jibini ya mbuzi kwa kazi angepaswa kulijua hilo kabla yangu.

Sijasahau pia malipo ya mzigo wa Ramadhani, yaliyonifikia baada ya Idi kubwa. Nilinyamaza. Labda ndiyo maana mkaniona mtu wa kuchezewa.

Narudia habari ya kalamu, maana kwenye simu msaidizi wako aliiita "ukaguzi wa kawaida". Mkono ule ulikuwa umetoka kushika roleksi, ile chapati ya kukunja na mayai, mafuta yanang'aa vidoleni. Hakunawa. Kalamu ni ileile aliyosainia risiti ya mtu wa maziwa ya ng'ombe aliyenitangulia. Alipoichomoa, pale kwenye jibini nyeupe pakabaki tundu lenye duara la wino wa bluu. Halafu akakirudisha kipande kile kashani, juu ya vingine, akapiga kelele ile ya beberu. Binti yangu alikuwa amesimama pembeni yangu. Yeye ndiye hukamua alfajiri kabla ya shule.

Kisha kasha likaachwa mlangoni mwa chumba cha baridi, si ndani, mpaka saa nane mchana. Ndipo nikaambiwa: "Imeharibika, rudi nayo Mbale." Kilo 18 zimekula zaidi ya lita 100 za maziwa. Mbwa wa jirani wamekula vizuri wiki hii.

Naomba mnilipe mzigo wote kwa bei ya mkataba. Na nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi. Na kijana yule aniombe radhi kwa maandishi, barua ibandikwe chini ya bango lile, wateja waisome. Nikikumbuka uso wa binti yangu naona hata hayo hayatoshi: bango lishushwe.

Nawapa siku 14. Zikipita kimya, nakwenda mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo. Unapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10 za Uganda wala hauhitaji wakili. Kile kipande chenye wino ninacho kwenye friji.

Wenu,
Mfugaji wa mbuzi, Mbale