Walininyang'anya funguo za stoo, leo wanataka hati ya nyumba yangu

Shangazi, shikamoo.

Kumekucha na sijapata usingizi. Tangu mama aliponipigia jana baada ya Isha nageuka tu kitandani. Baba watoto kaniuliza naumwa nini, nikamwambia tumbo. Wanataka hati ya nyumba yetu ikawekwe benki, Shangazi, ili maduka ya Mzee, baba yangu, yasipigwe mnada. Hao hao walioninyang'anya funguo.

Maduka siwezi kuyataja, lakini wewe ni mtu wa Dar, utakuwa umepita. Nguo bei chee, vipande vya maboksi vimeandikwa bei kwa maka peni nyekundu, elfu tatu, elfu tano, na msimu wa Idd na Krismasi watu wamejaa mpaka barazani. Mzee alianza na mtumba zama za Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, biashara ilipofunguliwa na marobota yakaanza kuingia, baada ya ile miaka watu walipanga foleni kwa doti moja ya khanga. Alikuwa anafungulia robota barazani, Mtaa wa Kongo. Mimi nikitoka shule nakaa chini nachambua: gredi ya kwanza huku, ya pili kule, zilizokatika vifungo anapelekewa mama. Mama alikuwa na kopo la vifungo, kila rangi, na shati la vifungo viwili tofauti alikuwa halipitishi, analifumua anaanza upya. Mdogo wangu wakati huo hajazaliwa. Naomba hilo ulikumbuke unaposoma haya mengine.

Baadaye Mzee akaingia Dubai, kisha China. Guangzhou nilikwenda naye mimi. Tulinunua soko la Shahe, mabaki ya oda za viwanda, tunachangia kontena na wenzetu wa Kariakoo. Watu walidhani tuna mganga. Hakuna mganga. Kwenye blauzi moja tulipata mia tano, mia nane, basi, ila zilikuwa zinatoka mpaka unachoka kukunja. Mzee hakutaka kuona nguo inazeeka kwenye henga. Ikipita msimu, shusha bei; ikikaa tena, funga, peleka minadani mikoani, hela irudi ikalete mzigo mwingine. Fremu alikodi za vichochoroni, za barabarani alizikimbia kwa sababu ya kilemba, ile hela ya kuachiwa fremu. Benki alikuwa anaweka, hakopi. Ndivyo tulivyofika Morogoro, Dodoma, Mbeya, Tanga, Mwanza, mpaka yakawa maduka 9. Hesabu za mikoa zilikuwa zinakuja kwangu kila Jumamosi, na stoo kuu ya Gerezani funguo ninazo mimi. Hata baada ya kuolewa. Hata nikiwa na mimba ya mtoto wa mwisho nilikuwa napanda ngazi za ile stoo.

Halafu yakaja ya mwaka 2016. Unakumbuka wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba izuiwe ndani ya miaka 3, na ushuru ukapandishwa. Mdogo wangu ndiyo kwanza katoka chuo na digrii yake ya biashara. Akamwambia Mzee mtumba unakufa, wote wanaovaa mtumba watakuja kwetu, tuagize mzigo mpya wa kutosha kabla wengine hawajashtuka. Kwa mara ya kwanza Mzee akakopa. Mimi nilisema pale pale kwamba mtumba hautaisha nchi hii, mtu wa Buza na Mbagala atavaa nini? Wakaniona mjuaji. Haya, kilichotokea kila mtu anakijua. Marekani ikatishia kuziondoa nchi zetu kwenye AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa kwao bila ushuru, sisi na Kenya na Uganda tukalegeza, Rwanda ikabaki peke yake, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye ile nafuu. Mitumba ikaendelea kushuka bandarini kama kawaida. Na sisi stoo imejaa fulana za poliesta, na wewe unalijua joto la Dar, wakati mtumba wa pamba gredi ya kwanza unauzwa bei hiyo hiyo hatua chache tu kutoka mlangoni kwetu.

Lakini siyo poliesta inayonikosesha usingizi. Ni siku ile. Nilikuwa nimeuliza hesabu ya kontena la kwanza kabla ya la pili kuingia. Kuuliza tu. Mdogo wangu akaja dukani asubuhi, vijana wapo, wabeba mizigo wapo, dalali wa fremu naye yupo, akasema, "Dada, kabidhi funguo. Wewe ushaolewa, una kwako. Hii ni mali ya ukoo." Mzee alikuwa pale pale kwenye kiti chake nyuma ya kaunta, anahesabu noti za elfu mbili mbili. Hakuinua kichwa. Nilisubiri amalize lile bunda. Akalimaliza, akalifunga mpira, akachukua lingine. Nikaziweka funguo juu ya kaunta, na aliyezichukua kumpa mdogo wangu ni kijana niliyemfundisha mimi kukunja suruali.

Wanasema nina kinyongo. Sina kinyongo. Ningekuwa nacho ningekwenda kwenye harusi yake na kupika siku tatu? Mama alipolazwa nani alikaa naye wodini? Mimi, siyo mtoto wa ukoo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Alifungua duka kwenye jengo kubwa lenye viyoyozi, pango la dola, akasema bei za kuandika kwenye maboksi zinatia aibu. Akazipandisha. Wateja wetu hawakugomba, walihama tu. Ikaja korona ya 2020, China haiendeki. Wakati huo mabinti wanauza nguo zile zile kwenye simu wakiwa vyumbani mwao, hawana fremu, hawana taa ya kulipia, bodaboda anapeleka mzigo mpaka mlangoni. Wachina wenyewe wamefika Kariakoo wanauza mpaka vipande viwili vitatu. Mwaka 2023 dola ikaadimika, na mwezi Mei ule mgomo wa Kariakoo ukatukuta hatuna hata akiba ya kulipa vijana. Mwanza likafungwa, Tanga, Mbeya, sikuwa naambiwa, nasikia kwa madereva wa mabasi. Yamebaki mawili, la Kongo na la Dodoma. Sitaki kumwekea mdogo wangu kila kitu kichwani, maana korona hakuileta yeye. Mtoto huyu nimembeba mgongoni. Ila ukitoa korona na dola, bado kuna kontena la pili.

Sasa deni ni milioni 180. Nyumba ya Mzee ya Tabata tayari iko rehani, ya mdogo wangu nayo. Benki inasema ikipatikana dhamana nyingine watapanga upya marejesho. Iliyobaki kwenye familia ni yangu ya Kimara, na si yangu peke yangu, hati ina majina mawili. Baba watoto ni mwalimu mstaafu, kiinua mgongo chake chote kiko kwenye zile kuta, na mimi hela zangu za kikoba ziko kwenye bati na madirisha. Bila sahihi yake benki haipokei. Mdogo wangu kamwambia mama nimpelekee shemeji karatasi asaini, nimwambie ni mambo ya kupima mipaka. Mama akanirudishia maneno hayo kwenye simu, kwa sauti ya chini, kana kwamba ni jambo la kawaida. Mama yangu aliyekuwa hawezi kupitisha shati la vifungo viwili tofauti.

Kumdanganya sitaweza. Lakini nikimweleza ukweli akakataa, kwetu watasema nilimtuma mimi akatae, na Mzee akifa na maduka yamekwenda, msiba ule nitakaa upande gani? Na akikubali je? Maana namjua, ni mtu wa huruma, anaweza kukubali kwa sababu yangu tu. Nyumba ikienda, nitamtazamaje kila asubuhi kwenye chumba cha kupanga? Nimwambie au nimalizane nao mwenyewe kimya kimya kwa kusema hapana? Wewe ungefanyaje?

Maduka siyataki, Shangazi, hilo lieleweke. Nina genge langu la vitambaa na mashuka, naishi. Ila usiku huu nimepiga hesabu nyuma ya kalenda. La Dodoma likiachwa, la Kongo lirudishwe kwenye mtumba na sare za Januari, bei ziandikwe kwenye maboksi kama zamani, na stoo nishike mimi, marejesho ya mwezi yanapatikana. Wakinipa hilo kwa maandishi, hati labda ningeizungumzia na mume wangu. Nimemgusia mama, akasema, "Mwanangu, usiweke masharti kwa baba yako." Masharti gani? Mtu anayeweka nyumba yake si anaweka na masharti?

Na kinachoniuma zaidi, hata hati yenyewe Mzee hajaniomba. Kamtuma mama. Nilikwenda kumsalimia wiki iliyopita, tukanywa chai, akaniuliza wajukuu, akaniuliza maji yanatoka Kimara, la hati hakuligusa. Nilikaa mpaka magharibi nikisubiri aseme. Naamini angesema tu, "mwanangu, siku ile tulikukosea," hapo hapo ningejua la kufanya. Sijui ningefanya lipi, lakini ningejua.

Mama anasema Ijumaa mthamini wa benki anakuja Kimara, na baba watoto atakuwa nyumbani, hatoki Ijumaa mpaka saa ya msikitini. Kwa hiyo nijibu mapema, hata kwa kifupi. Na hili nalo nijibu: nikimwambia Mzee aje mwenyewe aniombe, kwa mdomo wake, nitakuwa namdhalilisha baba yangu uzeeni?

Jina langu usilitoe.

Msomaji wako,
Dar es Salaam