Risala ya Kikundi cha Kujitolea Kutunza Njia za Baiskeli za Milimani, Dodoma, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,
Ndugu Mtendaji wa Kata,
Viongozi wa dini, wazee wetu, waendesha baiskeli wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Mbukwenyi!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa niaba ya wanakikundi 26 naomba nianze kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na kutukutanisha chini ya vilima hivi. Pili tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko wetu na, zaidi ya hapo, kwa kuja mwenyewe. Tunalisema hili kwa sababu tumewahi kuwa na mgeni rasmi aliyetuma mwakilishi, naye mwakilishi akatuma mtu. Kwa hiyo tumefurahi sana kuuona uso wako.

Historia yetu ni fupi na nitaipitia mbio. Tulianza vijana saba, miaka mitano iliyopita, tukiendesha baiskeli kwenye vijia vya mbuzi na vya mama zetu wanaofuata kuni. Dodoma ilikuwa imeshatangazwa kuwa jiji mwaka 2018, viwanja vinapimwa kila upande, na vijia vya tambarare vikageuka mitaa. Tukabaki na vilima, maana kwenye mwamba hakuna anayepimiwa kiwanja. Leo tuna njia ya kilomita sita na nusu, tuna katiba, tuna muhuri, tuna akaunti ya benki. Hiyo ndiyo historia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio yetu ni makubwa. Njia yetu imepata sura ya kimataifa baada ya wageni wawili kutoka Uholanzi kuipita mwezi Julai, na mmoja wao kuahidi kurudi. Tumeinua uchumi wa mtaa, kwani mama anayeuza maji na ubuyu pale kwenye mbuyu wa kuanzia sasa anafungua hata Jumapili. Tumepunguza vijana kukaa vijiweni, ingawa tukubali kwamba na huku tuna kijiwe chetu, tofauti ni kwamba kiko juu ya mwamba. Aidha tunajenga kwa kanuni zinazofuatwa duniani, zikiwemo zile zinazofundishwa na IMBA, chama cha waendesha baiskeli za milimani kilichoanzishwa Marekani mwaka 1988. Tumezisoma kwenye simu, tukazipima kwa mti na kamba, na zimekubali.

Naomba kanuni moja niieleze, kwa sababu ndiyo inayobeba ombi letu. Mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa kilima inapopita. Kama ubavu una mwinuko wa asilimia 20, njia iishie asilimia 10. Ukiizidisha, maji ya mvua yanaifanya njia kuwa mfereji, kwa kuwa nayo yanatafuta pa kushukia upesi. Na kwetu maji ni jambo la pekee. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 kwa mwaka mzima, na mtu wa Bukoba akisikia hivyo anacheka. Lakini mwamba wa vilima hivi haunywi maji. Tone likianguka kileleni linateleza mpaka chini, likikutana na wenzake njiani, na yanapofika pale mwamba unapoishia na udongo unapoanza, yanafika kwa mkupuo. Udongo wenyewe ni mwekundu, mwepesi, hauna majani ya kuushika. Saa moja ya mvua nzuri inatosha kuchimba mfereji wa kina cha goti mahali ambapo tairi lilikuwa limeacha mstari tu.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya watoto na baiskeli zao. Wazee wetu waliotoka Kondoa hawasemi hivyo. Wanaukumbuka mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioanza mwaka 1973, na wanakumbuka mwaka 1979 mifugo ilipoondolewa kabisa kwenye maeneo yaliyoliwa na mmomonyoko ili ardhi ipumue. Korongo la Kondoa nalo lilianza kama mstari.

Kwa hiyo tunachofanya kila Jumamosi ni kupambana na mstari. Tunainamisha njia kidogo upande wa bondeni ili maji yavuke badala ya kuifuata. Kila baada ya hatua kadhaa tunatengeneza kinga maji kama zile za shambani, ila pana na zilizolala, ili baiskeli ipite bila kuruka. Na pale mwamba unapokutana na udongo tunapanga mawe, jiwe kwa jiwe, bila saruji, sehemu kubwa ya jiwe ikiwa imezikwa na uso wake tu ndio ukanyagwe. Jiwe lililowekwa juu juu linang'oka na mvua ya kwanza. Jiwe lililozikwa na kubanwa na wenzake halitikisiki hata ukilipiga teke. Utaviona vipande viwili vya namna hiyo muda si mrefu. Cha pili tutakuomba ukizindue kwa kuweka jiwe la mwisho. Jiwe tumelichagua jepesi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tufike kwenye changamoto.

Rasimu ya kwanza ya risala hii ilikuwa na maombi saba. Kamati ilikaa, ikafuta sita. Uzoefu umetufundisha kwamba ukimpa mgeni rasmi maombi saba, atachagua lililo rahisi. Mgeni wetu wa kwanza aliombwa vifaa, kibali cha maandishi, mafunzo ya huduma ya kwanza, bango na mambo mengine, akatupa toroli tano kwa mdomo, zifike “wiki ijayo”. Tulimpigia makofi hadi viganja vikawaka. Wiki hiyo haijaisha mpaka leo. Wa pili alileta fulana 40, nzuri kabisa, zenye picha yake mgongoni. Tunazivaa, ndizo hizi mnazoziona, na tunamshukuru kwa dhati. Ila fulana haibandui jiwe. Wa tatu ndiye yule aliyetuma mtu. Mtu huyo alisikiliza kwa makini, akaandika kwenye daftari, akasema changamoto zetu amezichukua. Mheshimiwa, changamoto bado tunazo. Kilichochukuliwa ni risala, na ilikuwa nakala pekee.

Ombi letu la leo ni moja: vifaa vya kazi, vifike kabla ya mvua ya kwanza.

Naomba nieleze kwa nini kabla ya mvua, maana tunajua litakuja lile neno la “mwaka ujao wa fedha”. Udongo wa hapa ukiwa mkavu haushikani. Unaweza kuushindilia mchana kutwa, ukiondoka upepo unaondoka nao. Tumewahi kutengeneza kona nzima mwezi wa Septemba, tukapiga picha, na kufikia Oktoba kona ilikuwa vumbi kwenye nguo za watu waliokuwa wakipita. Ukinyeshewa sana nao unakuwa uji. Kati ya uji na vumbi kuna siku mbili, tatu, baada ya mvua kukatika, ambapo udongo una unyevu wa kutosha: ukiukamata mkononi unabaki bonge, ukiubonyeza unavunjika. Siku hizo ndizo za kazi. Kwa msimu mzima tunazipata mara chache, na hakuna anayetupigia simu kutuambia ni lini.

Sasa sikiliza, Mheshimiwa. Kikundi hiki kina mtaimbo mmoja, nao si wetu. Ni wa fundi wa kuchimba vyoo wa hapa mtaani, mtu mwema ambaye hajawahi kutudai hata shilingi. Lakini siku ambazo udongo umelainika kwa ajili yetu umelainika kwa ajili yake pia, na wateja wake wamesubiri tangu kiangazi. Mvua ikikatika Ijumaa, Jumamosi alfajiri sisi tunautaka mtaimbo na yeye anautaka mtaimbo. Mwenye mali ndiye anayeondoka nao, na ndivyo inavyostahili. Sisi tunabaki na watu 26, majembe manne na unyevu unaokauka.

Msimu uliopita jiwe la ukubwa wa friji liliserereka likaziba kona ya tatu. Mtaimbo ulikuwa kazini, chini ya shimo la choo. Tukakata magogo ya mwarobaini, tukayaingiza chini ya jiwe, watu wanane, kuanzia saa 1 asubuhi. Gogo la kwanza likavunjika. La pili likavunjika. La tatu lilipovunjika, jiwe lilikuwa limenyanyuka kiasi cha kiganja, likarudi pale pale, na kidole cha pete cha mwenzetu kilikuwa pale pale. Huyo ndiye fundi wetu wa kupanga mawe, na kuta mtakazozikagua ni kazi ya mikono yake. Yupo hapa, mstari wa pili. Akikupa mkono wa kushoto, Mheshimiwa, si utovu wa adabu.

Toroli tunayo moja. Dodoma ni nchi ya mbigili, anayeendesha baiskeli hapa anajua kuziba pancha kabla ya kujua kusoma gia. Tyubu ya toroli hiyo ina viraka 11, na kwa sasa inasukumwa bila upepo, rimu juu ya mwamba, kelele yake inawakimbiza pimbi hadi upande wa pili wa kilima. Ndiyo maana tunaomba toroli zenye tairi la mpira mgumu lisilojazwa upepo. Tafadhali lizingatiwe hilo na atakayetumwa dukani, asije akaambiwa zote ni sawa. Glavu hatuna, wengine wanavaa soksi mikononi. Chini ya mawe haya kuna nge, na soksi mwiba wa nge unaijua.

Tumefanya hesabu wenyewe, kwa bei tulizoulizia madukani hapa mjini, tusije tukasema tunaomba tusichokijua. Mitaimbo 6 kwa Sh 45,000 ni Sh 270,000. Toroli 4 za tairi gumu, Sh 130,000 kila moja, Sh 520,000. Nyundo nzito 4, Sh 160,000. Sururu 8, Sh 144,000. Mabeleshi 8, Sh 96,000. Glavu za ngozi jozi 30, Sh 150,000, na miwani ya kukinga macho 10, Sh 50,000. Jumla ni Sh 1,390,000. Hatujaweka posho, hatujaweka chakula, hatujaweka nauli. Kazi ni ya kujitolea na itabaki ya kujitolea. Niongeze tu, bila nia mbaya, kwamba turubai hili, viti, spika na jenereta vya shughuli ya leo vimekula karibu robo ya fedha hiyo, nazo ni michango yetu wenyewe. Baadhi ya wajumbe walitaka tununue mitaimbo tukupokee chini ya mbuyu. Kamati iliona si heshima. Tunaomba tusijutie uamuzi huo.

Fedha taslimu hatuombi. Tukipewa bahasha, maneno yatazaliwa mtaani kabla ya jua kuzama. Tunaomba vifaa vyenyewe, na stoo ipo: Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa ametupa chumba cha nyuma cha ofisi yake, chenye kufuli mbili, na ufunguo mmoja utakaa kwake. Kila kifaa kitaandikwa namba, na atakayekiazima kwenda shambani kwake atatozwa faini kwa mujibu wa ibara ya 14 ya katiba yetu, ambayo mimi katibu nimeshaitumikia mara moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunafahamu una majukumu mengi na kwamba hukuahidi wewe yale ya nyuma. Hatukudai deni la mtu mwingine. Ila wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti hicho leo, na leo ni Novemba. Mawingu yameanza kukusanyika jioni upande wa mashariki, na fundi wetu wa vyoo ameshaanza kunoa mtaimbo wake.

Risala hii imeandikwa kwa nakala tatu: moja yako, moja ya ofisi ya kata, moja itabaki nasi. Mwisho wa kila nakala kuna mstari wa tarehe ya kukabidhi vifaa na mwingine wa jina na namba ya simu ya msaidizi wako tutakayemfuatilia. Tunakuomba kwa unyenyekevu uijaze kabla ya chakula. Kalamu iko mezani, pembeni ya kikapu cha zabibu, ambacho ni zawadi yako na hakina masharti.

Naomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya Kamati