Kwa wanangu mnaosubiri mionzi: msiufiche uchovu

Wanangu, nawasalimu nyote mnaoshinda kwenye mabenchi ya Ocean Road, hospitali yetu ya saratani Dar es Salaam, pamoja nanyi ndugu mnaowahifadhi wagonjwa majumbani. Shikamoo zenu nimezipokea. Marahaba.

Mimi nilitibiwa saratani ya mlango wa kizazi: mionzi 25, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano, dripu ya dawa ya saratani mara moja kwa wiki, halafu mionzi ya ndani, ile inayowekwa ndani ya mwili penye ugonjwa. Kichefuchefu nilionywa mapema, nikajiandaa na ndimu zangu. Uchovu hakuna aliyenitajia. Wiki ya kwanza nilipanda daladala mwenyewe, tena nikasimama. Wiki ya tatu nilikaa uani nachambua mchele, nikasinzia na ungo mapajani. Kushtuka, mchele wote uko chini na kuku wa jirani wanadonoa bila haraka. Wifi yangu akacheka: "Siku hizi umekuwa mvivu!"

Alikuwa ananitania, lakini neno lilinichoma. Nikaanza kujikaza. Nafua, nadeki, napika, na daktari akiniuliza hali najibu, "Sijambo."

Hapo ndipo nilipokosea. Uchovu huu si ule wa kutoka shamba, ukilala unaamka mzima. Unalala muda wa saa kumi nzima na unaamka umechoka vilevile. Wa mionzi hujilimbikiza wiki hadi wiki, na ukimaliza tiba unaweza kukaa nao hata miezi. Wa dripu hukuangusha zaidi siku chache baada ya dawa, kisha hulegea. Na mara nyingi nyuma yake kuna jambo lingine: maumivu, kutokula, kukosa usingizi, mawazo, damu kupungua. Mengi ya hayo yanatibika, ila nani atayatibu nawe umesema hujambo? Siku nilipomfungukia nesi nilipimwa wingi wa damu (hemoglobini), ikasoma 7.9. Mwanamke akiwa chini ya 12 tayari anahesabiwa ana upungufu. Nikaongezewa damu. Kumbe siku zote zile nilikuwa nadeki nyumba ya watu hali mwenyewe sina damu! (Juisi ya rozela, ile watu wanayosema huongeza damu, kunyweni, ni tamu. Lakini msiifanye daktari.)

Nguvu zenu zihesabuni kama ndoo moja ya maji siku ya mgao. Ukishafulia, ya kupikia huna. Mimi nilichagua kuoga asubuhi na kwenda kwenye mionzi, mengine yakasubiri. Vitunguu nilimenya nimekaa. Mchana nililala chini ya saa moja, maana nikizidisha nakesha usiku. Na jioni nilitembea, jambo lililonishangaza, kwani nilidhani mchovu kazi yake ni kulala tu. Daktari alinikatalia, akasema mwendo mwepesi hupunguza uchovu huu. Nilianza na mwembe wa jirani na kurudi, baadaye nikafika duka la Mangi. Nawe muulize daktari wako kwanza kiasi gani kinakufaa, hasa kama damu iko chini au mifupa inauma.

Ndugu, neno "jitahidi" liwekeni kando. Mpokeeni ndoo mkononi. Ila msimnyang'anye kila kitu mkamfanya mgeni nyumbani. Mimi niliachiwa kuonja mchuzi na kusema chumvi, na nilifurahi.

Na hili msilichezee: homa ikifika 38, pumzi ikikata umekaa tu, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au damu kutoka nyingi, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Msimeze panadoli mkangoja siku ya kliniki, kwani itaficha homa bila kutibu chanzo chake.

Jumatatu nina kliniki yangu ya kuangaliwa. Mkiniona kwenye benchi nasinzia na faili mapajani, niacheni. Jina langu likiitwa, niamsheni.

Bibi yenu,
Temeke