Vyuma 1,400

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila baridi inatunyanyasa. Natumai yale mafua ya vumbi la mafaili yamekuachia. Uliponilalamikia kwamba unazeekea kwenye makaratasi ambayo hakuna atakayeyasoma, nilikosa la kukujibu. Jumamosi nimelipata.

Tulikwenda Washington, kwenye makumbusho ya historia ya Wamarekani Weusi. Kule chini, penye gizagiza, tuliona vipande vya chuma vilivyoliwa na chumvi, pia kapi la mbao. Ukipita haraka utadhani ni vyuma chakavu vya gereji. Kumbe farumi, ule uzito wa kukituliza chombo majini! Wewe mtoto wa pwani, nisikufundishe: chombo chenye mzigo wa kutosha hakitiwi farumi. Lakini binadamu ni mzigo mwepesi, tena haukai mahali pamoja, basi merikebu ya watumwa ilijazwa chuma ili isilale ubavu.

Merikebu yenyewe ni São José, ya Wareno. Iling'oa nanga Kisiwa cha Msumbiji Desemba 1794 na watu zaidi ya 500, ikielekea Maranhão, Brazil. Tarehe 27 ikapanda mwamba Cape Town, ufukwe ukionekana. Nahodha na mabaharia wake walipona. Mateka wapatao 212 walikufa, na waliookolewa wakauzwa hukohuko.

Miaka ya 1980 wasaka hazina waliyaona mabaki wakadai ni ya merikebu ya Waholanzi, ya zamani zaidi. Shaba ndiyo iliyowaumbua. Kulikuwa na misumari ya shaba na mabamba ya kufunika tumbo la chombo, na ufundi huo ulikuja baadaye. Hapo sasa ndipo linapoingia vumbi lako. Jaco Boshoff, mwanaakiolojia wa Makumbusho ya Iziko ya Cape Town, alikuta kwenye nyaraka za huko maelezo ya nahodha mwenyewe, namna chombo kilivyovunjika. Lisbon nako, kwao Wareno, ikapatikana orodha ya shehena: vyuma vya farumi 1,400. Na chini ya maji vyuma vipo!

Nilichoshindwa kukimeza ni tarehe. Merikebu iliondoka Lisbon Aprili. Yaani watu wenyewe pengine walikuwa bado wako makwao, wanapalilia mashamba yao, na karani ameshahesabu chuma cha kufidia wepesi wao.

Mwaka 2015 chifu mmoja wa Wamakua alitoa udongo wa Kisiwa cha Msumbiji, ukapelekwa Cape Town ukamwagwa baharini pale walipozama. Nilimkumbuka bibi yako wa Masasi, naye Mmakua. Msomee barua hii, ila pole pole.

Nimekununulia barakoa za vumbi, boksi zima. Mwanaidi atakuletea akija Desemba. Uzivae kweli, usije ukazigawa.

Wako,
Juma