Laptopu ya kitindamimba

Leipzig, Januari 2026

Baba na Mama, shikamooni.

Na wewe mdogo wangu, hujambo? Najua barua hii utaisoma wewe kwa sauti sebuleni, kwa hiyo usije ukaruka mistari inayokugusa.

Mimi ni mzima. Kazi ni ileile ya kuwahudumia wazee, na baridi ndiyo imekaza. Nimefurahi kusikia goti la Mama limetulia na kwamba pale Mwaloni dagaa wameanza kupata bei.

Sasa tuje kwenye laptopu, maana kila nikipiga simu nakuta mmegawanyika. Baba anasema tusubiri Novemba, ile Ijumaa ya punguzo. Mama anasema yoyote ile, mradi iwe mpya na imo kwenye boksi, vitu vya mtumba vina mikosi. Mwenye kuitumia yeye anataka MacBook. Mimi nimeshaamua, na hela inatoka mfukoni mwangu, lakini sipendi mseme dada mkubwa ameamua kwa ubabe. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu Baba hukata maneno.

Baba, hoja yako ya Novemba ina mantiki. Ni kweli huku maduka hushusha bei wiki ile, ingawa si kila punguzo ni punguzo. Zamani walikuwa wanapandisha bei Oktoba ili waishushe Novemba, mpaka mwaka 2022 ikaja sheria ya Umoja wa Ulaya inayowalazimu waonyeshe bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia. Tangu hapo mimi husoma yale maandishi madogo kwanza, na mara nyingi hamu ya kununua huniishia palepale.

Lakini mwaka huu kusubiri kutatugharimu. Ndani ya kompyuta kuna RAM, yaani kumbukumbu inayoshikilia kazi zote ulizofungua kwa wakati mmoja. Sehemu kubwa ya chipu zake duniani hutoka kwa kampuni tatu tu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Sasa hawa wamegeuzia viwanda vyao kwenye mahitaji ya vituo vikubwa vya data vya akili mnemba, kwa kuwa huko ndiko kwenye pesa nene. Desemba iliyopita Micron ilitangaza kwamba inaachana kabisa na biashara ya Crucial, RAM walizokuwa wanawauzia watu wa kawaida kama sisi. Matokeo yake bei ya RAM madukani imezidi maradufu ukilinganisha na Septemba. Bei za laptopu mpya zinafuata, na za mtumba hazitabaki nyuma, kwa sababu ndani yake mna RAM ileile. Sioni kitu kitakachoishusha kabla ya Novemba.

Halafu, Baba, muhula wa pili unaanza Machi. Huyu kijana anaandika kazi za chuo kwa dole gumba kwenye simu, kisha anapanga foleni steshenari pale Nyegezi ili apangiwe na achapiwe kwa kulipia kila ukurasa. Tukisubiri Novemba atakuwa amemaliza mwaka wa kwanza hivyohivyo. Mashine inunuliwe kazi inapoihitaji.

Mama, la kwako ni fupi. Zile mpya za bei ndogo unazoziona mjini zikiwa na nailoni yake, nyingi zina RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Windows 11 yenyewe inadai kiwango cha chini hichohicho, GB 4 na GB 64. Yaani mashine inatoka kwenye boksi ikiwa imeshashiba. Ukifungua vitabu vya hesabu na intaneti pamoja, inakaa inafikiria. Na nyingi katika hizo hifadhi yake imelehemiwa kwenye bodi, fundi hawezi kukuwekea kubwa zaidi. Upya wake unaisha siku mnayochana boksi.

Mtumba ninaousema mimi si ule wa kuokoteza. Maofisi ya huku yana desturi ya kubadilisha laptopu za wafanyakazi kila baada ya miaka michache hata kama ni nzima. Zinakusanywa, zinasafishwa, zinauzwa. Ni mashine za kazi: ThinkPad ya Lenovo, Latitude ya Dell, EliteBook ya HP. Ukizipindua chini unakuta skrubu, unafungua, unabadilisha RAM, hifadhi, betri, hata kibodi, na vipuri vyake vinapatikana. Nataka laptopu ambayo ikisumbua, fundi wa mjini Mwanza aifungue kwa bisibisi yake na mchana huohuo irudi mezani. Wewe Mama humnunui sangara bila kumfunua mashavu. Na mimi hii nimeifunua.

Mdogo wangu, hapa sasa sikiliza vizuri, hata kama unaendelea kuninunia kwa sababu ya MacBook.

Windows 10 ilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft waliacha kuitolea masasisho ya kawaida ya usalama. Wametoa muda wa nyongeza kwa wanaojisajili, nao unaisha Oktoba mwaka huu. Windows 11 haikubali kila mashine. Kwa prosesa za Intel, yaani ule ubongo wa mashine ambao ngazi zake huitwa i3, i5 au i7, kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kwa hiyo makampuni yameziondoa kwa wingi zile zilizokataliwa, na mashine hizo hazitupwi jalalani. Zinapanda kontena. Mwaka huu maduka ya Dar na ya mjini kwetu yatajaa laptopu safi, kioo hakina hata mkwaruzo, stika ya i5 au i7 inang'aa, bei ya kukutoa udenda.

Ile stika haitoshi. Mtoto wa Mama Mdogo aliuziwa EliteBook katika duka moja la mjini, akatamba nayo kwamba ni i7. Alinipigia video nikamwambia afungue sehemu ya maelezo ya mfumo. Ikatokea i7-6600U. Muuzaji hakudanganya, ni i7 kweli, ila tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, yaani kizazi cha 6. i5-8250U ya kizazi cha 8 inaiacha mbali, kwa sababu prosesa hiyo ina viini vinne vya kufanyia kazi na ile yake ina viwili. Yupo fundi aliyejitolea kumlazimishia Windows 11 iingie, na kweli inaweza kuingia, ila Microsoft hawaahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho.

Kwa hiyo ukimsindikiza rafiki yako dukani, usome namba: 8250U, 8350U, hizo za kizazi cha 8, 10210U ni cha 10, 1135G7 ni cha 11. Hata jina la modeli mara nyingi linasema. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha 6, G5 ndiyo cha 8. ThinkPad T470 achana nayo, anzia T480. Latitude 7480 hapana, 7490 sawa. Tofauti ya bei huwa ndogo, na muuzaji hatakuambia usipouliza.

MacBook sasa. Sikatai, Air ya M1 ya mwaka 2020 ni mashine nzuri sana, haina feni, inakaa na chaji siku nzima. Ningekuwa nasomea kuhariri picha ningeinunua mimi. Lakini RAM yake imelehemiwa na hifadhi imelehemiwa; ukinunua ya GB 8 utazeeka nayo ya GB 8. Wewe unasoma uhasibu. Tally, ile programu ya uhasibu utakayoikuta kwenye ofisi utakazofanyia mafunzo inakaa kwenye Windows tu, haina toleo la Mac. Na uniambie ukweli, utapanda nayo daladala ya Igoma kwenda Nyegezi saa kumi na mbili asubuhi, umesimama, begi mgongoni? Ukitaka kupendeza niambie namba ya kiatu.

Nimechagua ThinkPad T480. Ilitoka mwaka 2018, ina i5-8350U, RAM GB 16 na hifadhi ya SSD ya GB 256. Nimeishika mwenyewe. Kwenye kifuniko kuna alama ya mstatili, gundi ya stika ya kampuni iliyobanduliwa, na kitufe cha nafasi kimesuguliwa na kidole gumba cha mtu mpaka kinang'aa upande wa kulia tu. Bawaba zimekaza, unafungua kioo na kinabaki pale unapokiacha. Hiyo ndiyo sura yake, usitegemee ing'ae.

Kilichonivuta ni betri. Ina mbili, moja ndogo imefichwa ndani, nyingine inachomoka nyuma. Unaweza kuchomoa ya nje iliyoisha na kuweka iliyojaa huku mashine inaendelea kuwaka, kwa sababu ile ya ndani inaishikilia. Nilipomwomba muuzaji niandike amri ya powercfg /batteryreport, ripoti ilionyesha ya nje ilitoka kiwandani ikiwa na Wh 24 (wati-saa, kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri) na sasa inashika 19. Si mbaya kwa umri wake, lakini nimeongeza nyingine kubwa ya Wh 72. Umeme ukikatika jioni, au LUKU ikiisha Baba akiwa safarini, utamaliza kazi yako. Amri hiyo iandike kwenye daftari, inafanya kazi kwenye laptopu yoyote ya Windows, na muuzaji anayekataa usiiandike, mwage.

Kingine nilichokagua ni kufuli za kampuni. Mashine ya ofisi inaweza kuwa bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa zamani. Siku ukiisafisha na kuiunganisha na intaneti inakudai akaunti ya kampuni, na hapo umebaki na sinia. Nimeiwasha mbele ya muuzaji, nikaiunganisha na intaneti, nikaenda mpaka mwisho wa kuisajili. Haikudai chochote. BIOS nayo, ile programu ya kwanza kuamka mashine inapowashwa, haina nywila.

Kuna mambo mawili utakayolalamikia. Kibodi ni ya Kijerumani, Y na Z zimebadilishana mahali, na pembeni kuna herufi zenye nukta juu. Nitaiweka kwenye mpangilio wa Kiingereza, lakini maandishi ya vitufe yatabaki yalivyo, kwa hiyo ukiandika huku unaangalia vidole utamwandikia mhadhiri "zangu" ukidhani ni "yangu". Wiki mbili utazoea, ama sivyo kibodi nzima inabadilishwa. La pili ni plagi ya huku, ina vijiti viwili vya duara. Chaja yenyewe haina shida, inapokea volti 100 hadi 240, na huku tunatumia 230 kama nyumbani. Ila ule waya unaotoka ukutani kwenda kwenye kiboksi cha chaja unachomoka. Nunua waya wa plagi yetu ya pini tatu za bapa, wenye kichwa cha matundu matatu kinachoingia kwenye kiboksi. Usinunue zile adapta za kuunganisha za barabarani, zinalegea na kutoa cheche.

Bei ni euro 230 pamoja na betri ya ziada, kama laki saba kasoro. Muuzaji ananishikia mpaka Jumatatu. Dhamana yake ni ya mwaka mmoja lakini ni ya hukuhuku, kwa hiyo tusiihesabu.

Ataileta dada mmoja wa Musoma tunayefanya naye kazi, anakuja likizo mwanzoni mwa Machi na atapitia Mwanza. Laptopu na betri ya akiba zitakaa kwenye mzigo wa mkononi, maana betri za akiba haziruhusiwi kwenye mabegi yanayoingia tumboni mwa ndege. Nendeni mumpokee kwa heshima, asije akaachwa stendi na begi la watu.

Baba, zile laki tatu ulizotenga usizitume kwangu. Mnunulie diski ya nje ya kuhifadhia nakala za kazi zake, inayobaki iwe ya vocha za intaneti mpaka muhula uishe. Kama bado unaona tungesubiri, nipigie kabla ya Jumapili usiku. Baada ya hapo nalipa.

Mama, dagaa mpe huyo dada wakati wa kurudi. Nimeuliza: samaki wa matumizi ya nyumbani wanaruhusiwa kuingia huku hadi kilo 20, ila nyama na maziwa watazitupa uwanjani. Kwa hiyo samli ya Bibi msiifunge, najua mtajaribu. Wale waliokaushwa vizuri, bila mchanga, na wawe wamefungwa mara mbili, maana ataruka nao na nguo zake.

Nisalimieni wote wa Igoma na Ukerewe.

Mimi mtoto wenu,
Dada mkubwa